Nguzo Iliyokuwa Ikicheza

"Fundi, bado tu?" Mama mwenye nyumba aliuliza kwa mara ya tano, na saa nne ilikuwa haijafika.

"Bado, mama. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Fundi alicheka. Watu walimwita Timazi, kwa sababu hakuwahi kuyaamini macho yake pale kamba na kipande cha risasi cha kupimia wima vilipoweza kusema. Kazi ya leo ilikuwa kuivisha nguzo ya chini ya ngazi mbao nne zenye nakshi. Alikuwa ameshazikata kingo mshazari, ili zikutanapo pembeni kiungo kisionekane.

Wiki mbili zilizopita mume wa yule mama, dereva mstaafu, alianguka hapo akavunjika bega na mbavu mbili. Nguzo ilibaki na ufa. Mkewe hakutaka auone akirudi, naye alikuwa anarudi mchana huohuo.

Mama hakutulia. Alifuta meza aliyokwisha kuifuta, akasogeza stuli, akaenda kuchungulia getini. Simu ikalia. Alikuwa binti yake. "Tumeshatoka hospitali, mama."

Timazi alipima, akapima tena. Kila mara kamba ilisema jambo jingine. Akaiegemea nguzo kwa bega, nayo ikasogea.

"Mama, hii inacheza."

"Ifunike tu, fundi. Wako njiani."

"Nikiifunika nitakuwa nimelivisha suti jino bovu. Ilianza lini?"

Mama alikaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, akainuka papo hapo. "Kabla hajaanguka. Miezi mingi. Kila siku nasema nitaita fundi kesho." Akaugusa ule ufa. "Nilijua, fundi."

Timazi alipiga magoti. Aling'oa ubao wa sakafu chini ya nguzo, akaingiza mkono. Bolti ilikuwa imelika, nati inazunguka bure. Akaichomoa, lakini hakuwa na nyingine ya kipimo kile.

"Nipe hiyo," mama alisema, akainyakua na kutoka mbio na kandambili zake hadi duka la vifaa. Alirudi anahema, ameshika bolti tatu. Alikuwa ameangusha ile ya mfano njiani, akanunua za kila unene.

Ya pili ilikaa. Timazi alikaza nati kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akapaka gundi, akabana ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Gari likapiga honi.

Mzee aliingia mkono ukiwa umefungwa kifuani. Akaitazama nguzo: pande tatu zinang'aa, upande mmoja ufa wazi.

Mkewe hakungoja salamu. "Mume wangu, ilikuwa inacheza, nami nilijua. Nisamehe."

Mzee aliisogelea nguzo. "Inacheza? Nguzo?"

"Ndiyo."

"Mimi miezi yote nilidhani ni mimi ninayeyumba. Nikaona aibu kukwambia miguu imekwisha."

"Shika juu, mzee," Timazi alisema. "Ubavuni gundi bado mbichi."

Mzee alishika kichwa cha nguzo kwa mkono mzima, akasukuma. Akasukuma tena kwa nguvu. Nguzo haikutikisika. Alianza kucheka, mbavu zikamuuma, akacheka hivyohivyo huku mkewe akimfuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Sasa nipisheni," Timazi alisema, ubao wa nne mkononi. "Gundi haisubiri mtu."