Kazi ya Evaline na Mfereji wa Mamba

Evaline alikuwa na siri, na siri yenyewe alikuwa akiifanyia kazi chumbani kwa mama yake, huko Mamba, milimani juu ya Same. Kiwanda cha nguo alimokuwa karani wa kompyuta huko Dar kilipouzwa, yeye na wenzake walipunguzwa, akarudi nyumbani hana mbele wala nyuma. Watu walisema weee, mpaka wakachoka wenyewe. Kisha Raymond, aliyekuwa bosi wake kule kiwandani, akafungua kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta za maduka ya dawa, akamkumbuka. Alimtumia kompyuta ndogo ya kukunja: aijaribu programu hukohuko milimani, atafute makosa, arudishe disketi kwa basi la Ijumaa. Akifanya vizuri, kazi ni yake, na wala hatakiwi kuhama.

Jamani, aliipenda kazi ile! Alikaa dirishani, waya umetoka kwenye betri ya sola, anauza dawa za kubuni kwa wateja wasiokuwepo, na kila programu ilipokwama alicheka peke yake kama mwehu. Lakini hakumwambia mtu. Ikishindikana je? Wamcheke mara ya pili?

Alhamisi asubuhi baragumu likalia. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima! Kila nyumba itoe mtu wa kuzibua mfereji unaojaza ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Mama yake alikuwa ameshuka Same kutibiwa macho, kwa hiyo zamu ilikuwa ya Evaline. Alisikia vizuri sana. Akajifanya hakusikia, maana kazi ilikuwa bado na basi halimsubiri mtu.

Thubutu! Mamba wana dawa yao kwa watoro wa msaragambo. Mtoro huchukuliwa kitu cha ndani, sufuria au kuku, mpaka amalize sehemu yake ya kuchimba. Jua halijawa kali, Mzee Eliufoo, msimamizi wa mfereji, akapiga hodi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kumbe mzima kabisa, umekaa kivulini unatazama sinema!"

Akaikunja ile kompyuta, akaiviringisha kwenye kanga, akaondoka nayo.

Evaline alitamani ardhi ipasuke. Akabeba jembe, akamfuata mbiombio mpaka mfereji ulipo. Alichimba kwa hasira, viganja vikatoka malengelenge, na kila akiinua macho sehemu yake ilikuwa bado ndefu. Mwishowe alikaa kwenye tope akalia kwa sauti.

Prisca, jirani yao, akaacha kuchimba. "We Evaline, yaani unalilia sinema?"

"Si sinema, dada! Nimepata kazi ya Dar, ya programu za maduka ya dawa, naifanyia hapahapa nyumbani. Isipoondoka na basi la kesho nimeikosa."

Mzee Eliufoo akafoka.

"Na ukakaa kimya! Mgonjwa tunamchimbia, mfiwa tunamchimbia. Mwenye kazi ndiye angetushinda? Kwani sisi ulikuwa unatuonaje?"

Muda wote Evaline aliwaona watu wa kumcheka tu, na sasa aliona aibu. Mzee akamwekea kompyuta mikononi, kanga na yote, akamwambia aende. Wenzake walikwishaanza kugawana sehemu yake.

"Na mimi uniuzie dawa ya mgongo!" Prisca alimpigia kelele.

Alipandisha kilima akilia tena, ila safari hii kwa furaha, na hakujificha.

Kesho yake disketi ilishuka mapema Same na gari la kubeba tangawizi, ikawahi basi. Jumatatu Evaline alipanda karibu na kanisa, mahali simu inaposhika, akampigia Raymond.

"Hongera, kazi ni yako," Raymond alisema. "Anza kesho."

"Asante, bosi. Asante sana, Mungu akubariki. Ila naomba nianze keshokutwa. Mfereji haujaisha, kesho kuna msaragambo, na kwetu mtu wa kwenda ni mimi."