Herufi Tano za Mzee Nukta

"Herufi tano, baba. Ina V na L."

Mzee Nukta hakupepesa hata jicho. "Anvil. Fuawe. Chuma kizito ambacho juu yake mhunzi huweka kazi yake, akaigonga kwa nyundo."

Binti yake akashusha pumzi. Tangu aje likizo ilikuwa hivyo kila asubuhi: anamwekea mzee chai, anamtajia herufi, na mzee anatoa neno la Kiingereza pamoja na maana yake, bila kukwama.

Mzee alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha kuchapa magazeti, na jina lake lilitoka hukohuko, maana hakuna sentensi iliyompita bila nukta yake. Zaidi ya hapo alipewa kona ya mafumbo: visanduku vitano, herufi mbili zimeshajazwa, nyingine msomaji ajitafutie. Kabla ya kuyapeleka kazini, aliyajaribu nyumbani pamoja na binti yake, wakati huo akiwa mdogo. Mtoto alikaa kiti cha kushoto kwake, kifutio mkononi, akifuta penseli ya baba kila alipokosea. Ndipo baba akaanza kumwita Kifutio. Na mchezo wao ulikuwa na sheria moja: neno bila maana halihesabiki.

Kaka mtu hakuupenda hata kidogo. Herufi zikianza kutajwa, yeye alikuwa keshachomoka kwenda kufungua redio za watu. Leo ni fundi wa majokofu katika mji mwingine, na ndiye aliyeanza kusema kwamba baba asiachwe tena peke yake. Mama yao alikuwa amefariki, na jirani alikuwa amekuta gesi iko wazi jikoni. Mzee kwa upande wake aliomba jambo moja tu, wasimtoe kwenye nyumba yake. Basi ndugu hao wawili wakakubaliana binti aende akajionee, na atakalosema ndilo litakalofuatwa.

Binti alimpima baba kwa kipimo alichokijua. Latch, komeo. Thumb, kidole gumba. Widow, mjane, na hapo mzee alinyamaza kidogo kabla ya kutoa maana, naye binti akaona huo ni ushahidi mwingine kwamba akili imetulia.

Mengine aliyaona pia, tusimsingizie upofu. Aliona ndala zisizofanana miguuni mwa mzee. Alimwona mzee amesimama getini na funguo zake, akizigeuzageuza kama za kuokota. Lakini kila jambo alilipatia sababu: macho yamechoka, kitasa kimezeeka, hata vijana wanasahau gesi. Na kuhusu baba kutomwita Kifutio hata mara moja tangu afike, alijiambia kwamba mwanamke aliyeanza kuota mvi haitwi jina la utotoni. Alimpenda mno baba yake, na alitaka sana kushinda ubishi na kaka yake.

Asubuhi hiyo begi lilikuwa limeshafungwa. Alisimama jikoni akampigia kaka yake.

"Kaka, baba hana tatizo. Leo kanipa anvil."

"Hilo neno hata mimi silijui," kaka alisema. "Kaoga mwenyewe?"

"Na wewe nawe. Nakwambia akili yake iko palepale."

"Nauliza tu, dada. Umekata kauli?"

"Abaki kwake. Mimi kesho naondoka."

Alirudi mezani amejaa furaha ya kuaga. Siku zote hizo alikuwa akikaa upande wa pili, kwa sababu kiti cha kushoto kilikuwa na mto na gazeti lililokunjwa. Safari hii aliviondoa, akakaa mahali pake pa zamani.

Mzee Nukta alimtazama kwa adabu. "Samahani, mama. Hapo pana mwenyewe."

"Nani, baba?"

"Binti yangu. Namwita Kifutio. Yuko shule, akirudi atataka kiti chake."

Binti akacheka, maana hakujua afanye nini kingine. "Baba, Kifutio si ndiye mimi? Niangalie."

Mzee alimwangalia. Alimwangalia kweli, kwa bidii yote, kama alivyokuwa akikagua ukurasa uliojaa makosa. Macho yakamlowa kwa hofu. "Kifutio ni mdogo," alisema. "Tafadhali, mama. Usikae hapo."

Binti akainuka. Alirudisha mto, akarudisha gazeti kama lilivyokuwa, na mzee akatulia. Kisha akaenda jikoni akapiga simu tena.

"Kaka, yale niliyokwambia yafute."

"Kuna nini?"

"Maneno yote anayo. Mimi ndiye sipo." Akaanza kulia. Kaka yake hakusema 'nilikwambia'. Alimwacha alie.

"Siondoki kesho," binti alisema mwishowe. "Njoo tupange tutapokezana vipi kumwangalia. Lakini hapahapa kwake."

"Nakuja leo," kaka alisema.

Alinawa uso, akarudi mezani, akakaa upande wa pili. Mzee alikuwa amemwekea kikombe. Ilionekana ameona aibu kwa kumkatalia mtu kiti, na alitaka kumfariji.

"Usinune, mama. Unajua mchezo huu? Herufi tano, ina G na S."

Binti alikuwa na jibu papo hapo. Alilikawisha mdomoni.

"Guest, Mzee."

"Vizuri. Na maana? Neno bila maana halihesabiki."

"Mgeni," alisema. "Mtu anayekuja nyumbani kwa watu, wakampokea vizuri."

Mzee Nukta akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamsogezea sukari.