Idd kwa Wino

Kalenda yangu imebandikwa ukutani juu ya swichi za pampu, na ole wake atakayeigusa. Kijani ni sikukuu za Fundi, mwendesha mitambo wetu, mtu wa msikitini. Njano ni za Mpima, dada anayepima dawa ya maji, ambaye huwasha taa zake za Diwali. Nyekundu ni zangu, mtu wa kanisani. Kituo chetu kinausukumia maji mji mzima, na maji hayana sikukuu. Tena siku hizo ndipo watu wanapooga mara mbili na kupika tangu alfajiri. Zamu ya mchana ni yetu watatu, na lazima wawili wawepo. Kwa hiyo sheria yetu ni fupi: sikukuu yako, kazi yangu. Miaka kumi na minane nimeipanga mimi, na sijawahi kukosea. Wananiita Mama Kalenda, nami naitika bila haya.

Siri ya ufundi wangu ni penseli. Krismasi naiandika kwa wino, maana haihami. Diwali naiandika kwa wino Mpima akishamuuliza kuhani wao. Idd naiandika kwa penseli, tarehe mbili zikifuatana, mpaka mwezi uandame. Mtu akiuliza kwa nini, humwambia kwamba mwezi haujaajiriwa hapa.

Mwaka ule Idd ilikuja kugongana na Krismasi, jambo ambalo mtu huliona mara mbili tatu katika maisha yake. Ingekuwa tarehe ishirini na nne, au ishirini na tano yenyewe. Nami, miezi mitatu kabla, nikaiandika ishirini na nne kwa wino wa kijani, ikakaa pale peke yake. Nilikuwa nimetoka kuzungumza na mama kwa simu.

"Mwanangu," alikuwa ameniambia, "macho yananiaga. Krismasi hii nataka unipeleke kanisani wewe, nikushike mkono. Dada yako simtaki, jirani simtaki. Nakutaka wewe."

"Nitakuja, mama. Naapa."

Krismasi kumi na moja zilikuwa zimepita bila mimi kuketi mezani kwake. Mimi ndiye mkubwa wa zamu; mkubwa wa zamu ndiye huziba pengo, na pengo halikosekani.

Jioni ya tarehe ishirini na tatu tulipanda ngazi ya tangi kubwa, sote watatu, kuutafuta mwezi. Wingu lilikuwa limetanda kila upande.

"Unaona kitu?" nikamuuliza Fundi.

"Naona wingu."

"Tazama vizuri. Pale kulia, kinachong'aa kile."

"Mama Kalenda, ile ni taa ya mnara wa simu."

Mpima alicheka mpaka akashika chuma asianguke. Mimi sikucheka. Baadaye redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana popote. Kesho watu wafunge, thelathini itimie. Idd ilikuwa imehamia kwenye Krismasi yangu.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya kalenda, tende mdomoni, akifuturu. Alitafuna taratibu, macho kwenye ile rangi ya kijani.

"Uliandika kwa wino," akasema.

"Niliandika."

"Wewe?"

"Nilitaka iwe ishirini na nne, Fundi. Basi. Nilitaka." Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote ile nilijiona bingwa wa siku za wenzangu, kumbe siku moja tu ya kwangu ilitosha kunipofusha.

"Nitakuja kazini," akasema. "Krismasi yako ni zamu yangu. Binti yangu ataelewa."

Binti huyo alikuwa amewasili juzi, baada ya miaka sita ughaibuni. Fundi alikuwa amempakia nyumba rangi mpya kwa mikono yake, akawa anakuja kazini wiki nzima na madoa meupe masikioni. Ningeweza kunyamaza, na ukweli ni kwamba nilinyamaza. Kwa pumzi tatu hivi nilikuwa nimeshafika kwa mama, nimeshamshika mkono, tumeshatoka mlangoni.

"Usinitie dhambini," nikasema mwishowe. "Nenda ukaswali, ule na mwanao. Ukishiba ndipo uje unipokee."

"Misa itakupita."

"Na inipite."

Kwenye simu mama aliuliza ningefika saa ngapi. Nikamwambia saa tisa. Akanikumbusha kwamba misa ni saa nne. Nikasema najua, mama, nisamehe. Akakata. Nililia kwa sauti, pampu zikinifunika, na Mpima akaniletea chai.

Siku yenyewe tulianza kazi gizani, mimi na Mpima. Saa tatu na nusu mlango ulifunguka. Fundi huyo, na kanzu yake nyeupe, buti za kazi mkononi, binti yake nyuma na kapu la chakula.

"Hujashiba wewe!" nikamfokea.

"Tutakula hapa hapa. Anataka kuona baba yake anafanya kazi gani. Wewe kimbilia basi, mwanamke!"

Basi lilinifikisha kwa mama saa nane. Alikuwa ameketi mlangoni, gauni la kanisani mwilini, mkoba magotini.

"Hukwenda, mama?"

"Niende na nani? Nilisema wewe."

Tukaenda. Mfagiaji alikuwa anafunga milango. Akatutazama, akaifungua tena. Mama alizihesabu benchi kwa kiganja, moja moja, mpaka akaipata yake. Tukaketi.

"Altare wameipamba?"

"Wameipamba, mama. Vitambaa vyeupe, maua hadi chini."

"Mishumaa mingapi?"

"Sita."

Akatikisa kichwa. "Mwaka jana niliiona minne," akasema, akanikaza mkono.

Mwezi uliofuata nilibandika kalenda mpya. Fundi akaja kuikagua kama kawaida yake, akashuka na kidole mpaka Desemba, akasimama.

"Mama Kalenda. Krismasi kwa penseli? Hiyo nayo inangoja mwezi?"

"Inamngoja mama," nikasema.

Alichukua ile penseli, akaichonga vizuri kwa kisu chake cha kazi, akanirudishia.