Mlango wa Nyuma

Mashati meupe yalishonwa asubuhi. Ikikaribia saa ya chakula cha mchana, fundi aliyafunika kwa nailoni na kutoa kaptura za bluu, maana hapo ndipo mafuta yalipoanza kunukia na kurukaruka, na matone hayaonekani sana kwenye bluu. Jiko lenyewe halikuwepo. Liling'olewa zamani, jengo lile la kando ya barabara kuu lilipoacha kuwa hoteli na kugeuzwa karakana ya sare za shule.

Watu walisema pana mizimu. Madereva waliozoea kusimama kula sasa walipiga honi na kuongeza mwendo.

"Mizimu ipo, ndiyo," fundi aliwaambia wapita njia kupitia nondo za dirisha, "lakini paa halivuji."

Baada ya harufu walikuja waosha vyombo. Sahani ziligongana kwenye sinki kavu, kisha kimya, kisha mlango wa nyuma uligongwa kutoka ndani. Viganja vya maji vilijichora kwenye mbao, kwanza usawa wa kifua, halafu kiunoni, halafu chini kabisa penye kizingiti. Siku hoteli ilipoungua nao wakiwa ndani, walitafuta hewa hivyo hivyo. Tajiri, mwenye jengo, alikuwa amewafungia kwa kufuli la nje ili wasiwapitishie ndugu zao minofu. Kufuli hilo hilo sasa lilimfungia fundi na mkamwana wake, ili vitambaa navyo visipite.

Mkamwana alikuwa mjamzito, na tumbo lilishagusa meza ya cherehani. Kazi ya kufuta mlango ilikuwa yake. Alipoogopa, fundi alimtegea vitendawili, kama alivyokuwa akimtuliza mwanawe wakati wa radi. Waosha vyombo nao walikuwa wakiitikia.

Siku moja mkamwana aliacha kufuta. Kiganja kimoja kilikuwa na kidole cha mwisho kilichopinda. Aliweka mkono wake juu ya alama hiyo, ukalingana nayo, hata kidole kile. Chini yake palikuwa na kingine, kidogo kama kifuniko cha soda.

"Mama, huu wangu."

Fundi aliweka mkasi chini, akaja kutazama.

"Wako, mwanangu. Na huyu mdogo ana vidole vya baba yake."

Jioni Tajiri alikuja kuchukua sare.

"Tajiri, tunaomba mlango huu ufungwe kwa ndani," fundi alisema.

"Ili kaptura ziende kutembea?"

"Kiganja cha mkwe wako kimeshatokea hapa."

Fundi alimwita mkamwana mkwe wa Tajiri kwa utani, lakini hakucheka. Tajiri alivaa miwani, akainama, akamwomba mkamwana anyooshe mkono, akalinganisha.

"Ni chake kweli," alisema. "Nitaleta rangi ya mafuta. Mbao zikipakwa, alama zitafutika upesi, asichoke."

Rangi ililetwa kesho yake, ya kijani. Tajiri aliomba na mafuta ya cherehani kidogo, akazunguka nyuma, akalilainisha kufuli lisishike kutu.

Mchana harufu ilipanda. Sahani ziligongana, zikanyamaza. Mkamwana alishona huku sindano ikimkosa kidole chupuchupu.

"Kitendawili," alisema fundi.

"Tega," alijibu mkamwana.

"Tega," zilisema sauti kwenye sinki.

"Nina mdomo wa chuma. Nikiuma sitafuni, na nikiombwa siachii."

Wote walilijua jibu. Hakuna aliyetaka kulitamka.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

Siku nyingine mkamwana alikuwa akimpa mji wa shangazi yake, wenye machungwa. Leo sinki lilimtangulia kujibu.

"Nje."

Fundi alikanyaga cherehani, kaptura ikasogea.

"Huko sina njia. Nipeni mwingine."

"Nje," alisema mkamwana.

Mlango ulianza kugongwa, juu, kisha kiunoni. Mkamwana alichukua kitambaa, akashika kiuno na kuinama taratibu ili aanzie chini, pale kilipokuwa kikigonga kile kiganja kidogo.