Kilio Kilichobaki Junguni

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuanza kufua, Dicey alilibeba jungu la chuma mpaka kijitoni kwenda kumwaga nyimbo za Jumapili. Alilibeba kifudifudi, akaligeuza juu ya maji, na nyimbo zikatoka kwa utaratibu ule ule zilioingia nao: kwanza sauti za wanawake, kisha kikohozi cha mtu aliyekaa pembeni, kisha sala ndefu, na mwisho kabisa "amina" ya Mzee Pompey, ambayo kila mara ilichelewa. Bata hawakuinua hata vichwa. Baadaye alilisugua jungu kwa majivu, akalirudisha uani, akachemsha shuka za Bibi Tandy.

Katika shamba la Tandy, upande wa Kentucky wa mto Ohio, watumwa hawakuruhusiwa kukusanyika kusali. Kwa hiyo walisali ndani ya kibanda cha Dicey, na mlangoni waliweka jungu kifudifudi, ukingo mmoja umeinuliwa kwa kijiwe ili sauti zipate pa kuingia, zisisikike nje. Watu wa mashamba yote ya pande zile walifanya hivyo. Sharti lilikuwa moja: jungu la sala halitiwi mafuta. Sauti ikishashikana na mafuta haitoki tena.

Baridi ilipokaza na nguruwe wakawa tayari kuchinjwa, Bwana Tandy alisema mezani kwamba mfanyabiashara wa watu angepita Jumatatu ya machinjo kumchukua Venie. Venie alikuwa binti wa Dicey. Mtoto wa Venie, Enoch, alikuwa bado ananyonya. Huyo abaki, alisema Bwana, maana atafia njiani na kumtia mnunuzi hasara. Dicey alikuwa amesimama nyuma yake akimmiminia mchuzi. Hakumwaga hata tone.

Jumapili alasiri alitumwa kupeleka mayai gatini, akamkuta Elzy. Elzy alikuwa mtu huru, mweusi kama wao. Aliuza kuni kwa meli za moshi, na mara nyingine chini ya kuni, ndani ya mashua yake, palikuwa na mtu anayevushwa kwenda ng'ambo, kusikokuwa na utumwa.

"Venie namchukua," alisema Elzy. "Mtoto, hapana."

"Mtoto ndiye sababu ya safari, mwanangu."

"Shangazi, mtoto analia. Mwaka jana mama mmoja alimziba wake mdomo tulipopishana na doria. Tulipofika ng'ambo ule mkono ukakataa kutoka. Mimi ndiye niliyeutoa."

Dicey alitazama maji. "Huyu hatalia. Kilio chake kinabaki nyumbani."

Elzy alijikuna kidevu. "Kama kinabaki, sawa. Jua likizama tu, awe penye rundo langu."

Jioni, wengine walipokuwa wakinoa visu vya machinjo badala ya kusali, Venie alimlaza Enoch mlangoni, mdomo wake chini ya ukingo wa jungu, na Dicey akamfinya paja. Kilio kikaingia. Akamfinya tena. Alimfinya mpaka kilio kikaisha, kama kisima kinavyokaushwa, na mtoto akabaki mdomo wazi, machozi yakimtiririka, kimya.

"Mama, nitajuaje kama ana njaa?" aliuliza Venie.

"Utamtazama. Ni kwa muda tu. Elzy akirudi kuniambia mmeshafika mbali, nitakimwaga kijitoni. Kitafuata maji, kitavuka, kitamkuta mwenyewe."

"Na wewe?"

"Nikiondoka nani atafua?" alisema Dicey, akacheka kidogo, akamfunga mtoto mgongoni mwa mama yake.

Asubuhi kulikuwa na barafu nyasini. Nguruwe walishachinjwa na kuning'inizwa, na mafuta yalikuwa ndooni yakisubiri kuyeyushwa. Mzee Pompey, ambaye kazi yake ilikuwa majungu, alitia maji ya kisimani ndani ya jungu la mafuta likiwa la moto, likapasuka kutoka ukingoni hadi kitako.

"Miaka yote hiyo motoni, Mzee, na hujajua chuma?" mtu mmoja alimtania.

"Chuma nakijua. Hiki ndicho hakinijui," alisema Pompey.

Bibi Tandy alitoka na shali yake. "Leteni lile la kufulia."

"Bibi, lile lina kutu," alisema Dicey.

"Lina kutu, na shuka zangu zinatoka nyeupe?"

Pompey akalileta, akaligeuza juu ya moto. Kilio cha Enoch kikapanda. Mbwa wakasimamisha masikio. Bibi Tandy akatazama upande wa vibanda.

"Mtoto wa Venie ana nini?"

"Tumbo, Bibi. Mama yake yumo ndani anamkanda."

"Mwambie amnyamazishe kabla mgeni hajafika." Akarudi ndani, maana baridi ilikuwa kali.

Kilio kilianza kutafuta njia. Kilipita juu ya ua, kikageukia mtoni. Ng'ambo kulikuwa na watu wenye mbwa wakikagua barabara kusaka watoro, na Enoch alikuwa mahali fulani karibu nao, ndani ya ghala la watu asiowajua, chini ya nyasi kavu.

"Dada," Pompey alinong'ona, "kinakwenda kwake. Kitamkuta kabla ya saa sita."

"Nimeona."

"Na ukitia mafuta, hakitoki tena. Mtoto atabaki vile vile mpaka kufa."

"Nimesema nimeona, Pompey. Lete ndoo."

Dicey aliyamimina mafuta mwenyewe. Kilio kilirudi nyuma, kikashuka, kikakaa junguni. Kiliendelea kulia pale pale huku yeye akikoroga, na alikoroga kutwa nzima bila kumpa mtu mwiko.

Mfanyabiashara alifika jua likielekea kushuka. Bwana Tandy alitaka waende kibandani mara moja, lakini mgeni aliona mbavu zinachomwa.

"Mtoto akilia, mama hayuko mbali," alisema, akachukua ubavu mwingine. Alikula taratibu. Wakati huo Venie alikuwa ameshapandishwa gari la farasi la mzungu mmoja wa dhehebu lile lisiloapa wala kumiliki watu, akipelekwa kaskazini, Enoch kifuani pake, mdomo wazi.

Kibandani walikuta godoro la maganda ya mahindi na majivu baridi. Walirudi uani, wakasimama mbele ya jungu. Bwana Tandy alichungulia ndani, akasikiliza, akaagiza mafuta yasiungue.

Mgeni alisema hakuja kurudi na mnyororo mtupu. Alimtazama Dicey mikono, akamtazama meno, akasema huyu atafaa.

"Na nani atafua?" aliuliza Bibi Tandy. Hilo ndilo swali pekee lililoulizwa. Bwana Tandy akajibu kwamba watatafuta mwingine, na Dicey akaondoka na aproni yake, mikono bado ina mafuta.

Mafuta ya mwaka ule yalikuwa na chumvi kidogo, lakini yaliuzika. Watu waliendelea kusali, wakitumia jungu la kuazima. Bata walizoea nyimbo za jungu lile pia.

Kule Kanada Enoch alikua. Mama yake alijua njaa yake kwa kumtazama, na homa yake kwa kumgusa. Enoch alicheka, aliongea, aliimba hata kanisani. Alikuwa kijana mwenye ndevu za kwanza habari zilipofika, zimepita kinywa hadi kinywa, kwamba Dicey amefia kwenye shamba la pamba huko Mississippi. Enoch aliketi kizingitini. Mabega yalimtikisika, mdomo ukafunguka, na hapakutoka kitu.

Alasiri hiyo, katika shamba la Tandy, jungu lilikuwa baridi, limewekwa nyuma ya banda likisubiri machinjo. Lililia kwa sauti ya mtoto mchanga mpaka jioni. Bibi Tandy, ambaye sasa alikuwa hasikii vizuri, alisema hata hivyo linamsumbua, akaagiza lifunikwe.

Pompey akaleta ubao. Halikunyamaza. Akaleta na jiwe.