Disketi ya Karani

Kila asubuhi Seline aliifunua kompyuta yake polepole, kama anayefunua sufuria ya wali, vumbi la mtaa wa mabanda wa Kambi Muru lisije likaanguka ndani. Ofisi moja mjini iliitupa, yeye akaiokota. Ilikaa mezani kando ya kitanda, ikachapa CV, mialiko ya harusi na ratiba za mazishi za majirani. Sheria ilikuwa moja: disketi ya mgeni haiingii. Programu yake ya kukagua virusi ilikuwa ya miaka iliyopita; ilivijua virusi vya enzi hizo tu, kama askari mwenye picha za wezi waliokwisha kufa.

Wanzala, fundi viatu, alikaa kitandani akingoja ratiba ya mazishi ya mkewe, Sella, pamoja na wasifu wake. Gari la kumpeleka Busia lilikuwa linatoka mochari mchana huo.

Kiragu, karani wa chifu, aliingia bila kubisha.

"Mama Tonny, niaje. Nitolee hii hotuba ya chifu chapchap. Baraza ni leo."

"Disketi ya nje siweki, Bwana Kiragu. Hii mashine ni mzee, itashika virusi," Seline alisema.

"Virusi? Kwani huwa inatoka usiku?" Kiragu alicheka peke yake. Kisha akainua macho, akaufuata waya wa umeme ulioungwa kinyemela, uliopita chini ya mabati. "Na hii stima, ulitoa wapi?"

Seline akaichukua disketi. Aliikagua kwanza, kompyuta ikasema ni safi. Hotuba haikufika hata kwa printa. Skrini ilijaa herufi zisizosomeka, ikazimika, na kompyuta ilipowaka tena haikukumbuka chochote. Kwa kiherehere akachomeka disketi yake ya akiba, akasahau kusogeza kile kifungio kidogo kinachozuia isiandikwe. Ikakwaruza. Nayo ikafutika.

"Mashine yako ni takataka," Kiragu alisema.

Seline alimgeukia Wanzala. "Baba Trizah, Sella amepotea. Yote tuliyoandika."

Wanzala akauliza, "Si uko na kalamu?"

Seline akapanga karatasi, kaboni ya kutoa nakala katikati. "Tulikuwa tumesema, 'Aliugua kwa muda mfupi.'"

"Hiyo ni ile kila mtu huandika." Wanzala alimtazama karani. "Sasa andika hivi. Alilazwa sakafuni, hospitali ya serikali. Tukaambiwa tulete glavu, tukaleta. Tulete sindano, tukaleta. Dawa nikaenda kuitafuta hadi Kawangware. Kurudi, pahali pake pamelala mtu mwingine."

"Hiyo usiandike, Mama Tonny," Kiragu alisema. "Hiyo ni siasa." Macho yake yakarudi kwenye waya.

Seline aliinuka. Akauchomoa waya ukutani mwenyewe, akaukunja, akamkabidhi Kiragu pamoja na disketi yake. Kisha akaketi, akaikandamiza kalamu, ili maneno ya Wanzala yapenye hadi nakala ya mwisho.