Zamu ya Kituku

Jumapili baada ya misa ya pili, Léoncie aliweka sanduku la bati juu ya viti viwili na kuanza kulipanga upya. Nyumba yao ya mbao ilikuwa Mabanga, mtaa wa Goma, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zote za avenyu ile, na kila alipoinama sakafu ililia. Binti yake Alliance alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia shule ya maofisa wa jeshi, katika mji wa mbali upande wa magharibi. Ndege yake ilikuwa ya Jumatano.

Aliyejua mambo ya jeshi ni Wenceslas, kaka mkubwa wa Léoncie, ambaye Alliance alimwita noko. Alikuwa ameketi kizingitini, mguu mbovu ameutoa nje, akitazama kila kitu kinachoingia sandukuni.

"Toa ile kitenge," alisema.

"Ni ya kwendea misa."

"Kule misa banaendea na buti. Toa. Weka sindano na uzi. Weka kufuli mbili, juu moja bataivunja siku ya kwanza."

Léoncie akaweka kufuli mbili. Akaweka sabuni, Vaselini, bandeji, soksi, beseni dogo la plastiki, kopo la karanga za kutwanga na rozari. Wenceslas aliitazama rozari, akaiacha.

"Kule hutakuwa na jina," alimwambia Alliance. "Bakikutukana, usijibu. Bakikuuliza kama umechoka, sema hapana. Kula haraka, lala haraka. Na ajida, ule mukubwa wa mazoezi, usimwangalie mu macho."

"Na mbio, noko?"

"Mbio mutu anaizoea. Njaa ndiyo haizoewi."

Alliance alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Walipokimbia kutoka milima ya Masisi alikuwa mdogo, nusu ya njia alibebwa mgongoni, na kitu alichokikumbuka vizuri ni gari la komanda wa kikosi kilichokuwa kikiwalinda. Liliwapita kwa honi, likielekea kulekule walikokuwa wakikimbilia wao, na juu yake palikuwa na godoro. Wasimamizi wa mtihani walipomwuliza kwa nini anataka kuwa ofisa, alijibu kwamba anataka kuwa yule anayeondoka wa mwisho. Mmoja wao alicheka. Wakampitisha.

Jumatatu vita vilisogea hadi karibu na Kibati, nje kidogo ya mji, na ndege zikasimama. Shule haikusimama. Mafunzo yalikuwa yamepangwa kuanza Alhamisi alfajiri, na Alhamisi alfajiri yakaanza, Alliance akiwa Mabanga.

Léoncie alikuwa akiwasha makaa alipomwona binti yake anatoka uani bila viatu na kujipanga kwenye mstari usio na mtu mwingine. Alisimama hapo kidogo. Kisha akaanza kukimbia, magoti juu, akizunguka kati ya pipa la maji na kamba ya nguo.

"Unaota?" mama yake aliuliza.

"Niko macho, mama. Ni miguu ndiyo inaenda."

Wenceslas alitoka na mswaki mdomoni akamtazama. "Balianza," alisema. "Hiyo ni mbio ya asubuhi. Itaisha jua likitoka."

Jua lilipotoka, iliisha.

Mchana, Alliance akimenya ndizi, nywele zake zilidondoka zote kwa pamoja, sawasawa kutoka kwenye paji hadi kisogoni, zikatulia miguuni pake kama paka aliyelala. Léoncie alizifagia akazichoma. Jioni visigino vilipasuka malengelenge ya buti ambazo hakuwa nazo. Kesho yake akaanza kutambaa. Alitambaa juu ya changarawe nyeusi ya uwanja wao, lakini magoti na viwiko viliinuka vimejaa udongo mwekundu, udongo wa kule magharibi, ambao Mabanga hakuna. Maji aliyoogea yaligeuka rangi ya matofali.

Jirani yao Émérance, aliyeuza samaki ufukweni Kituku, alikuja na beseni kuomba udongo ule. Uani kwake hakukuwa na kitu isipokuwa mawe. Alipanda mboga za lengalenga, zikaota. Toka hapo alikuja kila jioni, akangoja kwa adabu Alliance amalize kutambaa.

Siku moja walikuwa wanakula fufu na sombe, alama ya vidole ikatokea kwenye shavu la Alliance, nyekundu, bila sauti.

"Ulimwangalia ajida mu macho," Wenceslas alisema.

"Nilimwangalia," Alliance alisema, akaendelea kula haraka.

Léoncie sasa alilazimika kufungua sanduku kila siku. Vaselini ilikwenda visiginoni, bandeji zikaenda magotini, sabuni ikaishia kwenye ule udongo. Alinunua vingine, akapanga, asubuhi akapangua. Hakuweza kutulia. Akisikia mabomu upande wa Kibati alikwenda kufunga kufuli, akarudi kufungua, akakunja soksi zilizokwisha kunjwa, akakaa, akasimama, akaenda mlangoni kutazama mbingu. "Ndege ingine inaweza kuja," alisema.

Watu wa Kibati walishuka na magodoro vichwani. Walijaza makanisa na madarasa, kisha wakajaza nyua za watu. Waliopita avenyu ile walimwona msichana mwenye upara anatambaa chini ya kamba ya nguo, wakamsalimia, wakaendelea. Malori ya jeshi yalipanda mlima, mengine yakateremka, na ilikuwa vigumu kujua yapi yanakwenda vitani. Alliance alikuwa amefika kwenye somo la bunduki. Vidole vyake vilifungua na kufunga silaha isiyokuwapo juu ya kitambaa cha meza, na kila mtu aliyekuwa ndani alisikia mlio wa chuma.

Asubuhi ambayo mji ulitekwa, Alliance hakukimbia mbio zake. Alivaa tracksuit yake na raba, akamwambia mama yake, "Leo ni zamu," akatoka. Walimfuata, Léoncie karibu, Wenceslas nyuma na mguu wake. Maduka yalikuwa yamefungwa. Risasi zililia upande wa uwanja wa ndege. Askari walikuwa wakivua makoti yao na kuyaacha mitaroni, wakiomba suruali kwenye nyumba za watu. Alliance alipita katikati ya barabara mpaka Kituku, akashuka hadi maji yanapoanzia, pale mitumbwi inapofungwa, akasimama mikono ubavuni.

Wakubwa walikuwa wanaondoka. Boti moja ilikuwa imejaa wao na televisheni zao, na waliokosa nafasi walikuwa wanawanyang'anya wavuvi mitumbwi. Ufukweni kulikuwa na magwanda mengi. Wauza samaki walikuwa wamekwisha kuyakunja na kuyapanga, makubwa upande mmoja, madogo upande mwingine.

Komanda mmoja mnene, aliyevaa kaptura na shati la kwaya ya kanisa, alikuwa ametia mguu mmoja mtumbwini alipomwona Alliance.

"Wewe ni wa kikosi gani?"

Alliance alipiga saluti. "Mwanafunzi ofisa, komanda. Niko zamu. Nangoja maagizo."

Yule mtu alitazama mji, akatazama ziwa, akamtazama yeye. Labda alikuwa amezoea sana kuulizwa hivyo, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Baki hapa," alisema. "Usiondoke mpaka askari mwenzako akupokee. Tutarudi."

"Ndiyo, komanda."

Akaingiza mguu wa pili. Mtumbwi ukadidimia mpaka maji yakakaribia ukingo wake, ukaondoka.

Léoncie alimshika binti yake mkono ili warudi nyumbani. Mkono ulikuja, mwili haukuja. Alimvuta kiunoni. Wanawake wawili wanaobeba magunia ya makaa walimsaidia kuvuta. Alliance mwenyewe alijitahidi mpaka jasho likamtoka puani, lakini miguu haikubanduka mchangani.

"Ni agizo," Wenceslas alisema. "Agizo haivutwi."

Kesho yake askari wa upande ule mwingine walifika ufukweni. Walikuwa wakimtafuta kila mtu aliyekuwa jeshini. Mmoja alisimama mbele ya Alliance, akatazama mgongo ulionyooka na kile kichwa kilichonyolewa.

"Huyu ni nani?"

"Alifiwa," Émérance alisema, hakuinua macho kutoka kwenye sambaza, samaki wake wadogo.

"Alifiwa na nani?"

"Na wengi."

Kwao pia mfiwa hunyoa. Yule askari akasema pole, akaenda.

Mji ulizika watu wake. Soko la samaki likafunguliwa. Wanawake walifunga turubai juu ya kichwa cha Alliance, na alipooga walimzungushia vitenge. Alikula akiwa amesimama, akalala akiwa amesimama. Alfajiri, magoti yake yalipanda na kushuka palepale, maana shuleni mbio ziliendelea. Léoncie alikwenda Mabanga akarudi Kituku, akaenda tena, akarudi tena. Hakuweza kukaa kule wala huku. Padri alikuja na kiti. Alliance alimshukuru, lakini hakuweza kukitumia, na Émérance akaweka beseni juu yake.

Miguu ilivimba. Ngozi ya vifundo ikaanza kung'aa. Siku hiyo Léoncie alirudi nyumbani akiwa hana tena la kufanya, akamkuta kaka yake ameoga na kuvaa suruali safi.

"Kuna njia," Wenceslas alisema. "Komanda alisema apokewe na askari."

"Wewe hauko askari. Jeshi ilikutoa."

"Nani alikuambia? Haikunitoa. Ilinisahau."

Kisha akamweleza jambo ambalo kwa miaka yote hakumweleza. Katika vita vya zamani aliwekwa barabarani kule Kibati na wenzake wawili, wakaambiwa wangoje, wakubwa wanakuja. Walingoja. Lililokuja ni bomu. Wenzake walizikwa palepale, yeye wanakijiji wakambeba kwenye machela. Hakuna aliyekuja kumwambia imekwisha.

"Kwa hiyo haijaisha," alisema, akachukua fimbo yake.

Kituku alisimama mbele ya Alliance, akaunganisha visigino kadiri goti lilivyomruhusu.

"Zamu, nimekuja kukupokea."

Macho ya Alliance yalijaa machozi, ila sauti ilikuwa ya kijeshi. "Zamu iko sawa. Komanda alisema atarudi. Hajarudi."

"Nimesikia. Nimepokea."

Magoti ya Alliance yakalegea papo hapo, akaangukia kwenye nyavu. Walimlaza juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, wakamsukuma hadi Mabanga. Wenceslas alibaki pale zamu, akageuka akatazama ziwa. Lile goti ambalo halikunyooka tangu Kibati lilikuwa limenyooka. Fimbo yake Émérance aliiegemeza kwenye kile kiti.

Alliance alilala sana. Alipoamka mwili ulikuwa kimya, hakuna mbio wala kutambaa. Mafunzo ya mwanzo yalikuwa yamefika mwisho. Mtandao wa simu uliporudi, Julien akapiga. Julien alikuwa kijana wa Beni aliyefaulu mtihani uleule. Yeye alipanda ndege ya huko, akafika shuleni.

"Tuliapa juzi," alisema. "Jina yako balisoma mbele ya wote. Balisema wewe ni mutoro."

"Nilikimbia na ninyi kila asubuhi."

"Najua. Nilikuona kila siku, mustari wa nyuma. Niliwaambia. Ajida pia alikubali, ni yeye alikupiga kofi. Lakini balisema haukushuka mu ndege."

Julien akatafuta habari nzuri ya kumpa.

"Tuko na mwalimu mupya, komanda. Alitoka Goma. Munene hivi, siku ya Mungu anaimba mu kwaya."

"Anafundisha nini?"

"Kulinda muji."

"Anafundisha muzuri?"

"Muzuri. Anasema ofisa anaondoka wa mwisho."

"Mwulize zamu yake ya Kituku anakuja kuitoa siku gani."

Julien alimwuliza. Siku iliyofuata alipiga tena kusema kwamba komanda hakumbuki zamu yoyote Kituku, na kwamba amemshauri asiulize tena.

Léoncie alisema sasa imetosha. Kulikuwa na boti ya kwenda Bukavu, huko kuna shangazi mwenye duka, Alliance angekaa kwake mpaka nywele ziote. Alliance alimsikiliza mama yake mpaka mwisho.

"Na noko?" aliuliza.

Léoncie akalirudisha sanduku mahali pake. Alfajiri wakashuka pamoja Kituku. Alliance alimpokea mjomba wake, mjomba akaenda kula na kulala, jioni akarudi kumpokea. Basi wakaendelea hivyo. Wateja wakaanza kuelekezana: samaki wazuri wako pale kwenye zamu. Askari wa wenye mji wapya walipita, wakapunguza hatua kidogo, wakaendelea. Hapo ndipo Léoncie alipoanza kuuza mandazi karibu yao, akapata angalau mahali pa kukaa.

Asubuhi moja ya mvua nyepesi, wakati wa kupokezana, bibi mmoja alishuka kutoka barabara ya Masisi na kijungu kilichofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amechoka. Alimsalimia kila mtu, akauliza kama hapa ndipo anapopatikana mtu anayepokea zamu.

"Ni hapa, mama," Alliance alisema.

"Bwana yangu iko zamu kwenye daraja. Balimuweka wakati inchi ilikuwa bado na jina ingine. Kila siku namupelekea chakula." Akakitua kijungu. "Sasa miguu yangu inakatala."

"Daraja gani?"

Bibi akataja mto.

"Njia iko wazi?"

"Hapana. Lakini batu banapita."

Alliance akamtazama mjomba wake. Wenceslas hakugeuza shingo, kwa sababu alikuwa zamu. "Enda," alisema. "Mimi niko."

Léoncie aliacha mandazi yaungue. Alisimama akatazama barabara ambayo bibi yule alishukia. Wanawake wengine walikuwa wanateremka taratibu kwenye mvua, wengine vijana, wengine wazee sana, wamejipanga wenyewe kwenye mstari, kila mmoja na chungu chake kichwani.

Alliance aliinama, akakaza kamba za raba zake. Kisha akamwuliza yule wa kwanza jina la mume wake.